Uwanja wa Mfinyanzi: Yaonyeshe Maji Njia ya Kutoka



Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi unafungua mlango na kukuta dimbwi mbele ya kizingiti. Jirani yako anayekaa juu kwenye changarawe, uwanja wake umekauka kabla ya saa nne. Wako bado una maji siku ya tatu, na siku ya nne watoto wanarusha vijiti humo na kusema ni mashua. Unachukua jembe, unachimba shimo katikati ya dimbwi ili maji yazame, unalijaza mawe na kulifunika. Kwa siku chache panaonekana pazuri. Mvua ya pili inakuja, shimo linajaa, na dimbwi linarudi palepale.

Wengi wetu hudhani kosa ni kwamba shimo lilikuwa dogo, basi wanachimba kubwa zaidi. Kosa si ukubwa wa shimo. Kosa ni kuutaka udongo wa mfinyanzi unywe maji, kazi ambayo haujaumbwa kuifanya. Makala hii inaeleza jinsi ya kukausha uwanja wa mfinyanzi kwa jembe, kamba na mawe, na kwa nini jambo hili linahusu afya ya watoto wako kuliko usafi wa macho.

UJUE UDONGO WAKO KWANZA

Hapa Nakivale na katika vijiji vya Rugaaga udongo haufanani. Juu ya vilima mara nyingi kuna changarawe nyekundu na mawe, na maji hupita. Ukishuka kuelekea mabondeni na upande wa ziwa, unakutana na udongo mzito unaoshika jembe na viatu. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na udongo tofauti kabisa, kwa hiyo usiige kazi ya jirani kabla ya kupima kwako.

Kipimo cha kwanza kinafanywa kwa mkono. Chimba kiasi cha sentimita 30, chukua udongo wa chini, uloweshe kidogo na uusokote kati ya viganja kama kamba nyembamba, unene wa penseli. Kisha pinda kamba hiyo iwe pete. Ikikatika, una mchanga mwingi. Ikikubali kuwa pete bila kupasuka, huo ni mfinyanzi, na mama anayefinyanga vyungu angeufurahia. Alama nyingine utaiona kiangazi: ardhi ikipasuka nyufa ambazo kidole kinaingia, udongo huo hunywea ukikauka na hufura ukilowa. Nyufa hizo hunywa maji ya mvua ya kwanza upesi sana, na ndiyo maana watu hudanganyika. Mvua ya tatu ikifika, udongo umefura, nyufa zimefungwa, na hakuna kinachopita tena.

Kipimo cha pili ni cha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo, lijaze maji jioni, liache lilale. Asubuhi lijaze tena na uchomeke kijiti chenye alama. Baada ya saa moja angalia maji yameshuka kiasi gani. Kama kijiti kinaonyesha yameshuka chini ya upana wa kidole kimoja, usijisumbue na mashimo ya kuzamisha maji ya mvua. Ukimaliza, funika shimo lako mara moja, maana mtoto akitumbukia mguu humo gizani atavunjika.

HESABU YA JERIKENI

Tuchukue mvua kubwa ya saa moja, milimita 30. Uwanja wako, pamoja na paa la nyumba, una mita 10 kwa 10. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo saa hiyo moja imekuletea lita 3,000, yaani jerikeni 150 za lita 20. Fikiria foleni ya jerikeni 150 kwenye bomba, zote zimwagwe mlangoni kwako.

Mchanga unaweza kunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa. Mfinyanzi uliolowa hunywa kati ya milimita 1 na 5 tu. Hata tukiupa mfinyanzi wako 5, lita 2,500 zinabaki juu, ambazo ni jerikeni 125. Sasa tazama shimo lako la mawe. Likiwa na upana wa mita 1 na kina cha mita 1 na nusu, ukishalijaza mawe, nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi moja. Hapo unaingiza lita 400 hivi, jerikeni 20. Zile nyingine zaidi ya 100 zikae wapi?

Ndiyo maana kumwaga mchanga au kokoto juu ya dimbwi hakusaidii pia. Mfinyanzi ulio chini ni kama bakuli. Ukijaza bakuli mchanga, maji hayajaondoka, yamejificha tu. Utakanyaga juu, patakuwa pakavu kwa siku mbili, kisha matope yatapanda kati ya kokoto, na mwisho kokoto zenyewe zitazama. Wapo waliopoteza mizigo mitatu ya kokoto kwa njia hii, na waliouza kokoto hawakuwa na haraka ya kuwaambia.

DIMBWI LINAPOZIDI JUMA MOJA

Mbu anayeleta malaria katika sehemu zetu, Anopheles, hapendi maji ya chooni. Anapenda maji yaliyo safi kiasi, yenye kupigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu ya pikipiki, dimbwi la uwanjani. Anataga mayai juu ya maji. Baada ya siku 2 au 3 mayai huwa viluwiluwi, na katika joto letu, siku 7 hadi 14 tangu kutagwa, mbu mzima anaruka. Ukichota maji kwa kikombe cheupe na kuona viluwiluwi vimelala sambamba na uso wa maji, hao ndio wa malaria. Wale wanaoning'inia kichwa chini katika maji machafu ni wa jamii nyingine, ambao hukunyima usingizi lakini hawaleti malaria.

Hesabu hiyo ya siku ina habari njema ndani yake. Uwanja wako hauhitaji kukauka kama sakafu ya saruji saa ile ile mvua inapokatika. Unahitaji kukauka kabla ya viluwiluwi kukua. Jiwekee kipimo cha siku 2. Dimbwi lililokwisha siku ya pili halikuzalisha mbu hata mmoja. Dimbwi linalojazwa upya na kila mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, linazalisha miezi yote hiyo.

Uganda ni miongoni mwa nchi chache zenye wagonjwa wengi zaidi wa malaria duniani, na chini ya umri wa miaka mitano ndiko malaria inakoua zaidi. Kukausha uwanja hakuchukui nafasi ya chandarua, na hakuchukui nafasi ya kumpima mtoto mwenye homa ndani ya saa 24. Mbu anaweza kuruka kutoka kwa jirani. Lakini yule anayezaliwa mlangoni pako ndiye aliye na safari fupi zaidi kukufikia.

Kuna mengine pia. Udongo wenye unyevu na kivuli, penye kinyesi karibu, hutunza minyoo ya safura ambayo huingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu. Maji yanayosimama kando ya ukuta wa matofali mabichi hulainisha msingi polepole, na ukuta huanguka usiku, mara nyingi si siku ya mvua bali siku inayofuata, wakati kila mtu ameshasema hatari imepita. Na maji ya uwanjani yakiingia katika shimo la choo lililochimbwa kwenye mfinyanzi, shimo halina pa kuyapeleka. Linajaa na kumwaga vilivyomo mbele ya watoto wanaocheza.

MTEREMKO NDIO DAWA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa kuwa udongo hauyanywi maji, yanatakiwa yaondoke yakitembea juu yake. Mfinyanzi una sifa moja nzuri hapa: ukishindiliwa vizuri na kupewa mteremko, maji huteleza juu yake kama juu ya bati. Kile kilichokuwa adui kinakufanyia kazi.

Anza kwa kutoka nje wakati mvua inanyesha. Ndiyo, utalowa. Jifunike shitingi, chukua vijiti kumi, na uchomeke kijiti kila mahali unapoona maji yanaingia kiwanjani, yanaposimama, na yanapotaka kutokea. Dakika 20 za kulowa zitakufundisha kuliko siku nzima ya kukisia juani.

Mvua ikikatika, tafuta sehemu ya chini kabisa ya kiwanja ambako maji yanaweza kutoka bila kumdhuru mtu. Huko ndiko mwisho wa kazi, na kazi huanzia mwisho. Ukichimba mtaro kutoka mlangoni kwenda chini bila kujua utaishia wapi, umehamisha dimbwi tu.

Kiwango cha mteremko wa uwanja ni sentimita 2 kwa kila mita, kuanzia kwenye ukuta wa nyumba kwenda nje. Kwa uwanja wa mita 10, upande wa chini uwe chini kwa sentimita 20 kuliko upande wa nyumba. Macho hayawezi kupima hilo, hasa mahali penye vilima ambapo kila kitu kinaonekana kimeinama. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi. Ujaze maji bila mapovu ya hewa, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha juu, mwingine ashike ncha ya pili kwenye kigingi cha chini. Maji katika ncha zote mbili hukaa usawa mmoja siku zote. Weka alama kwenye vigingi viwili, funga kamba, kisha upande wa chini shusha kamba sentimita 2 kwa kila mita ya umbali. Chimba ukifuata kamba. Fundi mwenye pima maji ndefu na ubao ulionyooka atafika hapohapo.

Udongo unaoutoa upande wa chini usiutupe. Urudishe kwenye ukuta wa nyumba, tabaka la sentimita 10 kwa mara moja, ukiunyunyizia maji kidogo na kuushindilia kwa gogo zito. Lengo ni ukuta uzungukwe na kiinuko kinachosukuma maji mbali, na sakafu ya ndani iwe juu ya uwanja kwa sentimita 15 au zaidi. Shindilia udongo ukiwa na unyevu kama wa unga wa ugali uliokandwa nusu. Ukiwa tope hautashikana, na ukiwa mkavu utabaki vumbi.

Juu ya mteremko huo unaweza sasa kumwaga changarawe nyembamba, sentimita 3 hadi 5, ili watu wasiteleze. Hapo changarawe inafaa, kwa kuwa chini yake maji yana njia. Changarawe ileile iliyozama mwaka jana haitazama mwaka huu.

Mitaro ni miwili. Wa kwanza unapita juu ya nyumba, upande wa mlima, kuyakinga maji ya wengine yasiingie kwako. Huo ndio watu husahau, ingawa kwa nyumba nyingi za mteremkoni nusu ya maji ya uwanjani hayakunyesha uwanjani. Upinde mtaro huo kama nyusi juu ya nyumba na choo, kina cha sentimita 30, na udongo uliotoka uweke upande wa nyumba kama tuta. Wa pili unapokea maji ya uwanja na ya paa, na kuyapeleka chini. Sakafu ya mtaro ishuke sentimita 1 kwa kila mita angalau. Ikishuka zaidi ya sentimita 5 kwa mita, maji yatakuwa na mbio na yatakula ardhi mpaka mtaro uwe korongo. Hapo weka mawe kuvuka mtaro kila baada ya mita chache, kama ngazi ndogo, maji yapumzike. Kingo zilale, zisisimame wima, maana mfinyanzi uliosimama wima hubomoka. Na mtaro unaopita njia ya watu uwekewe daraja la mbao au jiwe pana, la sivyo baiskeli zitaujaza ndani ya juma moja.

NA JIRANI WA CHINI JE?

Hapa ndipo mitaro mizuri huleta ugomvi mbaya. Maji uliyoyatoa kwako yatafika kwa mtu. Viwanja vyetu viligawiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kimoja baada ya kingine, na mara nyingi anayepokea maji yako hana lugha moja na wewe. Mmoja anazungumza Kinyarwanda, mwingine Kisomali, mwingine Kibembe, na wote wanajua tu kwamba asubuhi ukuta umelowa.

Nenda kwake kabla ya kuchimba. Mwambie, "Jirani, maji yangu yanashuka kwako, tuyapitishe wapi?" Mtaro unaopita mpakani mwa viwanja viwili, unaochimbwa na watu wawili, unafika mbali kuliko mitaro miwili inayopigana. Mkiwa nyumba tano au sita katika mstari mmoja, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na mtu wa VHT, mtembee mstari wote pamoja wakati wa mvua. Kazi hiyo haigharimu fedha. Inagharimu siku moja, na wakati mwingine kumeza maneno.

Mwisho wa maji uwe mahali penye majani mengi, migomba, au mtaro mkubwa wa barabara. Usiyaelekeze kwenye choo cha mtu, wala kwenye kisima au chemchemi. Maji machafu yakae mita 30 mbali na chanzo cha maji. Kumbuka pia kwamba kila kitu hapa kinashuka kuelekea ziwa, na ziwa la Nakivale ndilo chanzo cha maji mengi ya mabomba tunayokunywa. Ziwa hilo hupokea maji ya mto Rwizi, uleule unaopita Mbarara, na mabwawa yake pamoja na ya Mburo yaliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Matope na sabuni unayoyatuma chini yanaweza kukurudia katika jerikeni.

MAJI YA KUOGA NA KUFULIA

Maji ya mvua huja na kwenda, lakini maji ya bafu huja kila siku. Familia ya watu 6 inayotumia lita 15 kwa mtu hutumia lita 90 kwa siku, na tuseme lita 60 kati ya hizo zinamwagwa zikiwa na sabuni na mafuta. Kila mita moja ya mraba ya ukuta wa shimo katika mchanga hupokea maji machafu kama lita 50 kwa siku, lakini katika mfinyanzi ni lita 10 au pungufu. Shimo lile la upana wa mita 1 na kina cha mita 1 na nusu lina ukuta wa mita za mraba 4.7, yaani lita 47 kwa siku. Kila siku lita 13 zinabaki, na baada ya wiki chache bafu lina harufu na inzi.

Katika mfinyanzi, badala ya shimo refu kwenda chini, chimba mfereji mrefu usio na kina: mita 6 kwa urefu, upana wa sentimita 40, kina cha sentimita 50. Kuta zake mbili ni mita za mraba 6, na hapo lita zako 60 zinaenea. Tena udongo wa juu una mizizi na hewa, kwa hiyo hupitisha maji vizuri kuliko wa chini. Jaza mawe au vipande vya matofali yaliyochomwa (mabichi yatakuwa tope), funika kwa majani makavu na udongo kidogo, kisha panda migomba kando yake. Isingiro ni wilaya ya matoke, hakuna haja ya kuwafundisha watu hapa jinsi mgomba unavyokunywa. Usipande mboga zinazoliwa mbichi hapo.

Kabla maji hayajaingia kwenye mfereji, yapitishe kwenye beseni bovu lililotobolewa chini na kujazwa majani makavu. Majani hushika mafuta na povu. Kila juma yatoe, uyafukie shambani, uweke mengine. Bila chujio hilo mafuta huziba vitundu vya udongo, na mfereji mzuri hufa ndani ya miezi michache.

ZULIA LA MAJANI YA PLASTIKI

Walimu wa shule za chekechea na wenye saluni na hoteli ndogo huuliza juu ya mazulia ya majani bandia, yale ya kijani yanayopendeza mbele ya maduka mjini. Wengine wanataka kuyatandika uwanjani ili watoto wasicheze kwenye matope. Wazo si baya, ila zulia lenyewe halikaushi kitu. Lina vitundu mgongoni, maji hupita humo na kufika chini. Chini pakiwa na mfinyanzi usio na mteremko, umefunika dimbwi kwa kitambaa cha gharama. Patakuwa na unyevu siku zote, harufu ya mkojo wa watoto, na ukikanyaga maji yanaruka kati ya nyuzi.

Mtakumbuka uwanja wa Nyamirambo mjini Kigali, ambao mwaka 2023 ulipewa jina la Pelé, au ule wa FUFA kule Njeru karibu na Jinja. Viwanja hivyo vina majani bandia. Katika viwanja vya namna hiyo fedha nyingi hulala mahali mtazamaji hapaoni: ardhi husawazishwa kwa mteremko, huwekwa tabaka za mawe yaliyopondwa, na maji hutolewa kando kwa mabomba au mitaro. Zulia huja mwisho.

Kwa uwanja mdogo wa watoto, tuseme mita 4 kwa 6, kazi ni ileile kwa udogo wake. Ondoa udongo wa juu sentimita 15. Ushindilie mfinyanzi wa chini kwa mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita, ukielekea upande mmoja. Kwenye upande huo wa chini chimba mtaro wa mawe wenye mlango wa kutokea nje. Mtaro usio na mlango ni bakuli tena. Tandika magunia ya plastiki yaliyofumwa, yale ya unga, yakiwa yametobolewa, ili mawe yasizame kwenye mfinyanzi. Usitumie shitingi, haipitishi maji. Juu yake weka sentimita 10 za kokoto zenye ncha, ambazo hushikana kuliko za mviringo, kisha sentimita 2 za vumbi la mawe, ushindilie, ndipo utandike zulia. Kwa mita hizo 24 za mraba utahitaji karibu mita za ujazo 2 na nusu za kokoto, yaani toroli 40 hivi za lita 60. Kabla ya kulipia zulia, mwaga jerikeni tano mahali pamoja na uone zinatokea wapi. Zikichelewa kutoka, rekebisha sasa, kwa maana baadaye utabandua kila kitu.

Nitasema wazi maoni yangu: kwa shule nyingi za hapa, fedha ya zulia ingefaa zaidi kwa kokoto, mti wa kivuli na maji ya kunawa. Majani ya plastiki hupata joto kali sana jua la mchana, kiasi cha kuunguza nyayo za mtoto, na yanahitaji kuoshwa. Majani ya kawaida yakipandwa juu ya mteremko ulioshindiliwa hayagharimu kitu na hushika udongo. Lakini mwenye zulia tayari, alitandike vizuri.

MASHIMO YA MATOFALI, NA MITARO ILIYOSAHAULIKA

Ulipojenga nyumba ulichimba udongo wa matofali mahali fulani, na kwa kawaida ni hatua chache kutoka nyumbani. Katika mfinyanzi shimo hilo hukaa na maji miezi mingi. Linazalisha mbu kuliko uwanja wote, na mtoto mdogo anaweza kuzama humo bila sauti. Lifukie kwa udongo na takataka zinazooza, juu ulifanye kichuguu kidogo kwa sababu litashuka. Kama huwezi kulifukia msimu huu, lizungushie miti yenye miiba na ukate mtaro upande wake wa chini maji yatoke.

Mtaro nao unaweza kugeuka kuwa shimo. Mjini Dar es Salaam na Tanga, kati ya 1988 na 1996, serikali ya Tanzania na shirika la Japani, JICA, waliendesha mradi wa kupambana na malaria mijini, na sehemu ya kazi ilikuwa kuzibua mitaro iliyojengwa miaka mingi nyuma. Ilikuwa imejaa mchanga na taka, na maji yaliyotakiwa kupita yalikuwa yamesimama. Mtaro uliokufa ni dimbwi refu. Wako ni mfupi, unafagiliwa kwa dakika 10 kila Jumamosi: toa majani, chupa na udongo ulioshuka, na palipojitengeneza kibwawa pajaze na kushindilia.

Wakati mzuri wa kuchimba ni mwisho wa kiangazi, Februari au Agosti, baada ya manyunyu ya kwanza kulainisha ardhi na kabla ya mvua kubwa. Mfinyanzi mkavu kabisa utavunja mpini wa jembe lako. Ukiwa huna sururu, uliza kwa wenzako wa mstari. Na mvua ya kwanza ikija, rudi nje na vijiti vyako. Mahali pawili au patatu patakuwa bado na maji, kwa sababu udongo uliojazwa hushuka. Weka kijiti, subiri pakauke kidogo, ongeza udongo, shindilia tena.